Utando, Sugu na Mpako: Historia ya Kupunguza Msuguano Katika Injini na Istilahi Zake

Utangulizi

Kitenzi "sugua" ni cha zamani katika Kiswahili, na kila msemaji hukijua tangu utotoni. Twasugua sufuria kwa majivu, twasugua nyayo kwa jiwe, na wazee wetu walisugua kijiti juu ya kijiti hata moto ukatoka. Kutokana na kitenzi hicho tumepata nomino "msuguano". Walimu wa fizikia wameizoea kwa miaka mingi, na waandishi wa magazeti nao wameichukua kuelezea ugomvi baina ya watu. Neno hilo halikuwasumbua sana wenye kazi ya kuunda istilahi, kwani karibu lote lilikuwa tayari vinywani mwa watu.

Lakini elimu inayohusu msuguano haikusimama pale liliposimama neno. Katika muda wa zaidi ya miaka mia tatu elimu hiyo imegawanyika matawi mengi, na kila tawi limedai jina lake. Makala haya yanakusudia kusimulia kwa ufupi historia ya juhudi za binadamu za kupunguza msuguano na kulika kwa mitambo, hasa injini, mpaka kufikia vilainishi vyenye chembe nano na mipako migumu ya siku hizi. Shabaha si kumfundisha fundi kazi yake. Shabaha ni kuonyesha kwamba katika historia hii kila hatua kubwa ilipigwa pale vitu viwili vilivyokuwa vikiitwa kwa jina moja vilipotenganishwa. Kiswahili nacho kisipovitenganisha vitu hivyo, kitamwacha msemaji wake mikono mitupu mbele ya kitabu cha ufundi, na mbele ya muuzaji pia.

Dawa ya injini

Mazungumzo ya namna ifuatayo si mageni katika karakana zetu. Dereva analeta gari linalokula oili. Fundi anamwonyesha kichupa kidogo:

"Bosi, tia hii. Ina nano. Injini yako haitalika tena."

"Nano ndiyo nini, fundi?"

"Ni dawa, bosi."

Dereva analipa na kwenda zake. Hatuna haja ya kumlaumu fundi. Pengine naye aliambiwa hivyo hivyo na aliyemuuzia. Lakini tulitazame neno alilolitumia. "Dawa" katika Kiswahili ni neno pana mno. Kuna dawa ya homa, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, na dawa ya mganga. Neno hilo laahidi matokeo bila kueleza njia. Mtu akishaambiwa kitu ni dawa, swali lililobaki ni moja tu, nalo ni bei yake. Hawezi kuuliza kinafanya kazi wapi ndani ya injini, wala kinazuia nini, wala kwa muda gani, maana maneno ya kuulizia maswali hayo hajapewa. "Mafuta" nayo yana kasoro ya namna hiyo. Kwetu sisi petroli ni mafuta, oili ni mafuta, samli ni mafuta, na ya kujipaka ni mafuta.

Tuone basi jinsi watu wa mataifa mengine walivyofikia kuyatenganisha mambo haya.

Kutoka Misri hadi Ufaransa

Ushahidi mmoja wa zamani sana wa ulainishaji umo katika kaburi la Djehutihotep huko Deir el-Bersha nchini Misri, lililochorwa yapata miaka 1900 kabla ya Kristo. Katika mchoro huo watu wapatao 170 wanavuta kwa kamba sanamu kubwa mno iliyowekwa juu ya chombo cha kuburura. Mtu mmoja amesimama miguuni pa sanamu, anamwaga kitu cha majimaji mchangani mbele ya chombo. Kwa muda mrefu wengine walidhani tendo hilo lilikuwa la ibada tu. Mwaka 2014 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walionyesha kwamba mchanga uliotiwa maji kwa kiasi kinachofaa hupunguza nguvu ya kuvuta kwa karibu nusu. Maji yakiwa machache hayasaidii, na yakizidi hudhuru. Tukumbuke kanuni hiyo ya kiasi, kwa sababu tutaikuta tena katika chembe nano.

Uchunguzi ulioandikwa ulianza na Leonardo da Vinci (1452–1519), ambaye alipima nguvu ya kuburura magogo na vipande vya vitu mbalimbali. Aligundua kwamba msuguano huongezeka kwa kadiri ya uzito, na kwamba ukubwa wa eneo linalogusana hauubadilishi. Daftari zake hazikuchapishwa wakati wake, na elimu hiyo ikalala. Mwaka 1699 Mfaransa Guillaume Amontons aliziwasilisha kanuni hizo hizo mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris kana kwamba ni mpya, na kwa hakika zilikuwa mpya kwa waliomsikiliza. Baadaye Charles-Augustin de Coulomb, aliyefanya majaribio yake katika bandari ya kijeshi ya Rochefort, alipata tuzo ya chuo hicho mwaka 1781. Coulomb alitenganisha nguvu ya kuanza kukisogeza kitu na nguvu ya kukiendeleza kikiwa kimeshaanza kwenda. Katika kazi yake msuguano tuli na msuguano mwendo vilipewa nafasi mbalimbali.

Yafaa kuona kilichokosekana. Wataalamu hao walipima nguvu. Hawakupima chuma kilichopotea. Kulika kwa vitu kulihesabiwa kuwa kivuli tu cha msuguano, na kivuli hakihitaji jina lake.

Kizibo kilichosukumwa nje

Karne ya 19 ilileta reli, na reli ikaleta beringi nyingi zilizoungua. Chama cha Wahandisi Mitambo cha Uingereza kilimpa Beauchamp Tower kazi ya kuchunguza jinsi ekseli za mabehewa zinavyolainishwa. Katika majaribio aliyoyatangaza mwaka 1883, Tower alitoboa tundu juu ya beringi ili atie oili. Mtambo ulipozunguka, oili haikuingia, ilitoka. Akalizibia tundu kizibo, na kizibo kikasukumwa nje. Alipofunga geji ya kanieneo, mshale ulipita ratili 200 kwa inchi ya mraba, ilhali wastani wa mzigo uliokuwa juu ya beringi ulikuwa ratili 100 tu.

Maana yake ilikuwa kubwa. Oili ilikuwa imeubeba mzigo wote. Ekseli na beringi hazikuwa zikigusana kabisa. Kati yao palikuwa na utando wa oili uliokokotwa na mzunguko wenyewe. Mwaka 1886 Osborne Reynolds wa Manchester alieleza jambo hilo kwa hesabu: utando huo hukaa katika umbo la kabari, mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, na oili inapolazimishwa kuingia penye wembamba hupata nguvu ya kuinua mzigo. Hali hiyo twaweza kuiita ulainishaji wa utando kamili.

Lakini kabari ya oili hutaka mwendo. Mtambo ukisimama, kabari hupotea. Mwaka 1902 Mjerumani Richard Stribeck alichora mchirizo uliobaki na jina lake mpaka leo, unaoonyesha jinsi msuguano unavyobadilika kwa kadiri ya mwendo, mzigo na uzito wa oili. Penye mwendo wa kutosha utando ni kamili na msuguano ni mdogo. Mwendo ukipungua, vilele vya chuma huanza kugusana na msuguano hupanda ghafla. Mwaka 1922 Waingereza William Hardy na Ida Doubleday waliipa hali hiyo ya pili jina lake: ulainishaji wa mpaka. Katika hali hii kinachozuia chuma kisishikane na chuma si kina cha oili. Ni tabaka jembamba mno la molekuli zilizong'ang'ania kwenye uso wa chuma.

Injini moja ina hali zote mbili kwa wakati mmoja. Krankishafti inayozunguka kwa kasi katika beringi zake huelea juu ya utando kamili. Pistoni ifikapo kileleni mwa silinda husimama kwa nukta ndogo kabla ya kugeuka, na hapo ringi zake hukosa kabari ya oili. Kemu nazo hukandamiza kwa nguvu nyingi mahali padogo. Na kila asubuhi gari linapowashwa, baada ya oili kushuka yote usiku, hakuna utando kamili popote. Injini hulika zaidi katika nyakati na mahali pa namna hii. Oili nzuri peke yake haitoshi hapa.

Msuguano ni mmoja, ulikaji ni mwingine

Frank Philip Bowden na David Tabor walifanya kazi Cambridge, na wakati wa Vita Kuu ya Pili walifanya kazi Melbourne nchini Australia. Katika kitabu chao juu ya msuguano na ulainishaji wa mango, kilichotoka mwaka 1950, walithibitisha kwamba nyuso mbili za chuma, hata zikionekana laini kama kioo, hugusana kwenye vilele vidogo tu. Eneo linalogusana kweli ni sehemu ndogo mno ya lile tunaloliona kwa macho. Kwenye vilele hivyo chuma hukandamizwa hata kikashikamana na chuma chenziwe, na nguvu ya kukibandua ndiyo sehemu kubwa ya msuguano.

Miaka michache baadaye, mwaka 1953, John Archard alitoa kanuni ya chuma kinachopotea: huongezeka kwa kadiri ya mzigo na umbali wa kuburura, na hupungua kwa kadiri ya ugumu wa kitu. Hatimaye kivuli kikapata hesabu yake. Kwamba vitu hivi ni viwili yaonekana wazi katika breki. Breki ikikosa msuguano haifai kitu. Lakini breki inayolika haraka haifai vilevile. Mtengenezaji wa breki hutafuta msuguano mkubwa na ulikaji mdogo kwa pamoja. Mtu anayetumia neno moja kwa mambo yote mawili hawezi hata kulitaja lengo hilo.

Katika Kiswahili tuna maneno matatu yanayogombea nafasi hii: uchakavu, usagikaji na ulikaji. "Uchakavu" ni neno zuri, lakini nguo huchakaa kabatini na nyumba huchakaa bila ya kusuguliwa na kitu. Lahusu umri zaidi kuliko mguso. "Usagikaji" ni finyu mno, maana si kila kinacholika husagwa. "Ulikaji" limepingwa na wengine kwa hoja kwamba kutu nayo hula chuma, na tindikali vilevile. Mwandishi wa makala haya aona kwamba hoja hiyo yaunga mkono neno hilo badala ya kulipinga. Wataalamu wenyewe huhesabu ulikaji wa kutu kuwa aina moja ya jumla hii, pamoja na ulikaji wa kukwaruza, ulikaji wa kushikamana na ulikaji wa uchovu. Neno lenye tumbo la kuweza kubeba aina zote nne ndilo linalofaa kuwa mama yao.

Neno lililokusanya elimu

Mwaka 1966 kamati ya serikali ya Uingereza iliyoongozwa na H. Peter Jost ilitoa taarifa yake kuhusu elimu ya ulainishaji. Ilikadiria kwamba viwanda vya nchi hiyo vingeweza kuokoa paundi milioni 515 kwa mwaka kama vingetumia ipasavyo ujuzi uliokuwapo tayari. Tuzingatie maneno "uliokuwapo tayari". Tatizo halikuwa ukosefu wa ujuzi. Ujuzi ulikuwa umetawanyika: mwanakemia wa oili alikuwa na sehemu yake, mhandisi wa beringi ya kwake, na mtaalamu wa metali ya kwake, na hawakuwa na jina moja la kuwakutanisha.

Kamati haikutaka kuiita elimu hiyo kwa jina la msuguano peke yake, wala la ulainishaji peke yake, kwa sababu kila moja lingeacha mengine nje. Ikachukua neno la Kigiriki lenye maana ya kusugua, ikaunda jina jipya ambalo kwa Kiswahili twaweza kuliandika tribolojia. Huko Melbourne, Tabor alikuwa ameshalitumia shina hilo hilo katika miaka ya 1940 kwa kuipa maabara yao jina la tribofizikia. Tangu mwaka 1966 zimefuata idara za vyuo, majarida na mikutano yenye jina hilo. Neno halikuvumbua elimu, lakini liliijengea nyumba.

Sisi tuliopewa kazi ya istilahi tangu sheria iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967 tuna sababu ya kuikumbuka habari hiyo. Mara nyingi tumeambiwa kwamba kuunda maneno ni kazi ya kufuata nyuma ya sayansi, kama mtu anayebandika vibandiko kwenye mitungi iliyokwisha jazwa. Taarifa ya mwaka 1966 yaonyesha kwamba wakati mwingine mtungi haujai mpaka upate jina.

Sugu ndani ya injini

Karibu na mwanzo wa miaka ya 1940 watengenezaji wa oili walianza kutia ndani yake kampaundi za zinki, fosforasi na salfa. Kwanza zilikusudiwa kuzuia oili isiharibike na beringi zisiliwe na kemikali. Baadaye ikagunduliwa kwamba zina faida nyingine kubwa zaidi. Mahali vilele vya chuma vinapokandamizana, joto na msuguano wenyewe huzivunja kampaundi hizo, nazo hujenga juu ya chuma tabaka gumu mfano wa kioo, lenye unene wa kadiri ya nanomita mia moja. Tabaka hilo hulika badala ya chuma, na likilika hujengwa tena. Halikuwamo ndani ya kopo la oili, wala halikupakwa kiwandani. Limezaliwa na kusuguana.

Je, kitu kama hiki tukiite nini? Wengine wamependekeza "utando wa msuguano", lakini hilo ni maelezo tu, na zaidi ya hayo lakichanganya na utando wa oili ambao ni kitu mbalimbali kabisa. Jibu limo katika kiganja cha mkulima. Mtu anayeshika jembe kila siku huota ngozi ngumu mahali mpini unaposugua, na ngozi hiyo humkinga dhidi ya mpini ule ule ulioizaa. Kiswahili huiita sugu, na neno hilo ni tunda la kitenzi kile kile kilichotuzalia msuguano. Hapana haja ya kulitafuta neno Ugiriki. Mwandishi apendekeza kwamba tabaka la kinga linalozaliwa na msuguano juu ya uso wa chuma liitwe sugu.

Chembe nano

Fosforasi na salfa zilizo katika kampaundi hizo zina kasoro: hutoka pamoja na moshi na kukidhoofisha kichocheo kinachosafisha moshi katika ekzosi. Kwa sababu hiyo kiasi chake katika oili za magari kimewekewa mipaka, na wataalamu wakatafuta njia nyingine ya kujenga kinga.

Neno "nano" limetokana na Kigiriki, na maana yake ni kibete. Mwaka 1960 lilikubaliwa rasmi kuwa kiambishi cha vipimo vya kimataifa, chenye maana ya sehemu moja ya bilioni. Mwaka 1974 Mjapani Norio Taniguchi alilitumia kuunda jina la teknolojia ya vitu vya kadiri hiyo. Mwaka 1985 iligunduliwa molekuli ya kaboni yenye umbo la mpira, na mwaka 1991 Sumio Iijima akaeleza mirija midogo mno ya kaboni. Mwaka uliofuata Reshef Tenne na wenzake wa Taasisi ya Weizmann huko Israeli walionyesha kwamba salfaidi ya tangsteni nayo yaweza kujifunga katika maumbo kama hayo, tabaka juu ya tabaka, mfano wa kitunguu. Mwaka 1997 kundi lililofanya kazi pamoja na Tenne lilitangaza kwamba chembe hizo zikitiwa katika oili hupunguza msuguano na ulikaji kuliko vipande bapa vya kampaundi ile ile.

Vilainishi vya mango kama grafiti na salfaidi ya molibdeni vilikuwa vimejulikana zamani. Tabaka zake huteleza moja juu ya nyingine kama karata. Lakini vipande bapa vina kingo, na kingo hizo hunata kwenye chuma na kushambuliwa na oksijeni. Chembe iliyojifunga haina kingo. Kwa uchunguzi wa hadubini ya elektroni imeonekana kwamba chembe hizo husaidia kwa njia zaidi ya moja. Mzigo ukiwa mdogo huweza kubingirika au kuteleza. Mzigo ukiwa mkubwa hupasuka na kuchunika, na tabaka zilizochunika hukaa juu ya vilele vya chuma. Yaani nazo hujenga sugu. Chembe za aina nyingine huziba mabonde ya uso au kuusawazisha.

Tusisahau yule Mmisri na maji yake. Chembe nano nazo zina kiasi. Zikizidi hushikana, hujikusanya na kutuama, na donge lililojikusanya si nano tena. Aghalabu kiasi kinachofaa ni chini ya asilimia chache za uzito wa oili. Chembe ngumu zikichaguliwa vibaya huweza kukwaruza. Na matokeo mazuri ya maabara hayawi lazima matokeo ya injini, ambamo mna masizi, joto, maji na viongezi vingine vinavyogombea uso ule ule wa chuma.

Juu ya istilahi yenyewe, wako wanaopenda "vijichembe" au "chembechembe ndogo sana". Maneno hayo ni matamu masikioni, lakini hayana kipimo. Kitu nano kimewekewa mipaka: kadiri ya nanomita 1 hadi 100. Kipimo hicho ndicho kinachotuambia kwamba chembe itapita katika chujio la oili, ambalo huzuia uchafu wa kadiri ya nanomita elfu ishirini na zaidi, na kwamba itaweza kuingia mahali ambapo utando wa oili ni mwembamba kabisa. Twasema kilogramu na milimita bila wasiwasi. Hapana sababu ya kuiogopa nanomita. Na kwa kuwa katika Kiswahili kivumishi hufuata jina, tuseme chembe nano, si nanochembe.

Mipako

Njia ya tatu ni kuugeuza uso wa chuma wenyewe kabla injini haijaundwa. Mwaka 1971 Aisenberg na Chabot huko Marekani walieleza jinsi ya kujenga tabaka la kaboni lenye sifa zinazokaribia za almasi. Leo tabaka za namna hiyo, zenye unene wa mikromita chache, hupakwa kwenye ringi, pini za pistoni na sehemu zinazosukumwa na kemu. Kadhalika tangu mwaka 2006 kampuni ya Mercedes imetumia katika baadhi ya injini zake mpako uitwao Nanoslide: chuma kilichoyeyushwa kwa umeme hunyunyizwa ndani ya silinda za alumini mahali pa kutia mkebe wa chuma cha kalibu. Mpako huo una unene wa kadiri ya sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani nanomita laki moja. Kilicho nano ni punje za ndani yake, si mpako wenyewe. Mfano huu waonyesha kwamba kusema "ina nano" bado si jibu. Yafaa kuuliza ni kipi kilicho nano.

Utando na mpako visichanganywe. Katika Kiswahili utando hujitanda wenyewe: utando wa maziwa, utando juu ya maji. Mpako hupakwa na mtu. Waundaji wa majahazi wa pwani yetu waliijua tofauti ya namna hii. Mbao za juu walizipaka sifa, mafuta ya papa yanayonywewa na mti. Na sehemu inayozama majini waliipaka deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa, ikae juu ya mti na kuukinga. Lengo lao lilikuwa maji na wadudu, si msuguano. Lakini hawakuita vyote viwili mafuta, kwani aliyekosea angezamisha chombo.

Kutenganisha huku si upambaji wa lugha. Kiongezi kilichotungwa kujenga sugu juu ya chuma hakiwi lazima kijenge sugu juu ya mpako wa kaboni. Na baadhi ya viongezi vyenye molibdeni vimeonekana kuuharakisha ulikaji wa mipako hiyo. Kinga mbili zaweza kugombana, na asiyekuwa na majina yake hataujua ugomvi huo mpaka afungue injini.

Mapendekezo

Kwa sababu zilizoelezwa, istilahi zifuatazo zinaletwa mbele ya wasomaji:

Msuguano: nguvu inayozuia nyuso mbili zinazogusana zisisogeane.

Ulikaji: kupotea kwa mata kutoka kwenye uso kwa sababu ya mguso na mwendo.

Kilainishi: kitu chochote, cha maji au cha mango, kinachowekwa kati ya nyuso mbili ili kupunguza msuguano au ulikaji.

Kiongezi: kitu kinachotiwa katika kilainishi kwa kiasi kidogo kwa kazi maalumu. Neno "dawa" libaki katika mazungumzo.

Utando: tabaka la kilainishi linalozitenga nyuso wakati wa mwendo.

Sugu: tabaka la kinga linalozaliwa na msuguano juu ya uso.

Mpako: tabaka linalowekwa juu ya uso wakati wa utengenezaji.

Chembe nano: chembe yenye kipimo cha kadiri ya nanomita 1 hadi 100.

Tribolojia: elimu ya msuguano, ulikaji na ulainishaji kwa pamoja.

Hitimisho

Mwaka 2012 Holmberg, Andersson na Erdemir walikadiria kwamba katika gari dogo theluthi moja ya nishati ya mafuta huishia katika kuushinda msuguano, na kwamba asilimia 21.5 tu ndiyo inayolisogeza gari. Mwaka 2017 Holmberg na Erdemir walikadiria kwamba karibu asilimia 23 ya nishati inayotumika duniani huhusiana na msuguano na ulikaji. Nchi inayonunua mafuta na vipuri kwa fedha za kigeni haina budi kuyafikiria makadirio hayo.

Wenye kutumia maneno haya ni wanafunzi wa vyuo vya ufundi, mafundi na madereva, na hao ndio watakaoamua yaishi au yafe. Maoni yao, pamoja na ya wasomaji wote, yanaombwa. Huenda "sugu" likakataliwa, na lingine lililo bora likapatikana. Hilo si neno. La maana ni kwamba siku dereva atakapoonyeshwa kichupa chenye nano, aweze kuuliza: "Fundi, hii yajenga sugu, au yaongeza utando? Na silinda zangu zina mpako gani?" Fundi akiweza kujibu, wote wawili watakuwa wamefaidika. Akishindwa, dereva atajua kwamba fedha yake yafaa ibaki mfukoni.